Kuanika na Kuanua: Majira Katika Insha Zetu

Ukizikusanya insha hamsini za wanafunzi wa shule zetu za upili, utaona kwamba nyingi zaanza asubuhi moja ileile. Jua lachomoza kwa madaha upande wa mashariki, ndege waimba matawini, upepo mwanana wapepea, na anga halina hata kipande cha wingu. Baada ya mapambo hayo ndipo ajali ya barabarani hutokea, au mgeni huwasili, au mtihani huanza. Nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka kadhaa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile ambayo wenyeji huiita Eastlands, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilizipa alama nzuri. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini nimegeuza nia.

Hoja yangu ni fupi. Hali ya hewa katika utungo si pambo la kubandikwa mlangoni. Ni jambo linalowafanya watu watende kitu. Nasi tunaoishi Nairobi tuna majira yetu wenyewe, hasa yale ya kugeukageuka baina ya baridi ya Julai na jua la Septemba. Twayafurahia kila mwaka kwa miili yetu, lakini hatuyaandiki.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Julai, niliwapa Kidato cha Pili insha yenye kichwa "Siku Niliyoifurahia". Msichana mmoja aliandika juu ya Jumamosi aliyoshinda nje akilinda kamba ya nguo. Mama yake alikuwa amefua sare za watoto wanne. Jua lilipotokeza saa tano, msichana akaanika. Wingu likarudi, manyunyu yakaanza, akaanua. Nusu saa baadaye kukaanuka, akaanika tena. Alifanya hivyo mara tatu. Katikati ya kazi hiyo aliketi kibarazani pamoja na mtoto wa jirani, wakagawana hindi la kuchoma, wakashindana kubashiri jua litatokea upande gani wa wingu. Saa kumi jioni sare zilikuwa zimekauka, isipokuwa mifuko ya kaptura. Insha yake ikaishia hapo.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Anza kwa kuipamba asubuhi. Jua, ndege, upepo." Nikampa alama kumi na moja katika ishirini. Nilipomrudishia daftari alinijia mezani kwa adabu, akasema, "Mwalimu, siku ile jua halikuchomoza." Nikamjibu kwamba hiyo ni insha tu, si ushahidi wa mahakama. Akashukuru akaenda zake. Katika insha iliyofuata jua lake lilichomoza kwa madaha, na ndege wake wakaimba. Nami nikampa kumi na sita.

Haikunichukua siku nyingi kuona nililolitenda. Nilikuwa nimemfundisha mtoto mkweli kusema uongo, tena nimemlipa kwa uongo huo alama tano zaidi. Mwalimu akikosea katika hesabu, kosa lake husahihishwa ubaoni. Akikosea katika jambo kama hili, kosa hukaa machoni mwa mwanafunzi. Atapita njiani kila siku asione kitu, kwa kuwa ameambiwa kwamba vya kuandikwa viko kwingine.

Je, mapambo hayo yametoka wapi? Sehemu yatoka katika uvivu wetu sisi walimu, maana sentensi iliyokaririwa ni rahisi kusahihisha. Sehemu yatoka katika vitabu vya shule vya zamani, vilivyoletwa kutoka Uingereza pamoja na majira yake manne. Watoto waliofundishwa katika vyumba vya mabati walisoma habari za theluji, na za maua yanayofumbua macho theluji inapoyeyuka. Lakini tusiwalaumu waandishi wa vitabu hivyo kwa kuandika walichokiona. Katika London mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa nane kamili, na miti imepukutika majani yote. Machi ifikapo, siku moja ina mvua, upepo, jua na baridi kwa zamu, na watu hutoka nje na makoti mikononi ili waipate saa moja tu ya joto. Furaha hiyo ni ya kweli, na waandishi wao waliieleza vyema kwa sababu waliipata wao wenyewe.

Tazama mfano mmoja. Miongoni mwa soneti za Shakespeare, zilizochapishwa mwaka 1609, iko moja maarufu ambayo humlinganisha mpenzi na siku ya kiangazi. Kwa Mwingereza huo ni ulinganisho wenye utamu, kwa kuwa kiangazi cha kwao ni kifupi na kipole. Mchukue sasa kijana wa Lodwar, ambako jua la mchana humfukuza mtu na mbuzi pamoja wakatafute kivuli. Akimwambia mchumba wake kwamba amefanana na siku ya kiangazi, posa huenda ikavunjika. Shairi halina kosa, na kijana hana kosa. Kosa ni kulichukua umbo la sifa bila kuchukua jicho lililoiona. Wahenga walitwambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Jambo hili la kuangalia kilicho chetu si geni hapa Nairobi. Mwezi wa Oktoba 1968, walimu watatu wa Chuo Kikuu, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, fasihi za kwingine ziizunguke. Mjadala huo ulibadilisha vitabu tunavyovisoma. Lakini naona kwamba katika insha zetu tulibadilisha watu, majina na vyakula, tukaliacha anga palepale lilipokuwa. Otieno na Wanjiru hutembea chini ya asubuhi ya kuazima.

Hebu basi tulitazame anga letu. Nairobi iko nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta, walakini imeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa ajili ya ikweta, mchana wetu huwa wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Kwa ajili ya mwinuko, baridi yetu ni baridi kweli. Katika Julai joto la mchana kwa wastani huwa kama digrii 21 au 22, na usiku hushuka hadi kama 11 au 12. Hiyo si baridi ya theluji, lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Sakafu ni ya saruji, dirisha ni la kioo kimoja, na mtoto huamka saa kumi na moja alfajiri kuoga maji yaliyolala ndooni.

Baridi hiyo yaletwa na bahari. Upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, nao umebeba unyevu. Ukifika bara hulazimika kupanda mteremko wa nyanda za juu. Hewa ipandapo hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa wingu la chini, bapa, la kijivu, lililotanda juu ya jiji kama blanketi. Wingu hilo hulizuia jua lisiipashe ardhi moto. Siku nyingine hupasuka saa sita mchana; siku nyingine halipasuki kabisa. Hata hivyo halina mvua nyingi, na Julai ni mmoja wa miezi mikavu ya Nairobi. Twafundishwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Julai ya Nairobi huikanusha methali hiyo siku baada ya siku. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo ana sentensi ya kwanza ya insha nzuri, tena ni sentensi ambayo hakuna mwingine aliyeikariri.

Kuelekea mwisho wa Agosti mambo hugeuka. Jua, ambalo mwezi wa Juni lilikuwa mbali kaskazini, linarudi kuelekea ikweta. Kusi yalegea. Blanketi laanza kutoboka. Leo kuna jua saa nne, kesho hakuna mpaka saa tisa, keshokutwa litatoka mara tano na kujificha mara tano. Hayo ndiyo majira yetu ya kati: baridi haijaaga na joto halijabisha hodi. Baada yake zitakuja mvua za vuli, aghalabu toka Oktoba hadi Desemba.

Je, Kiswahili chakosa maneno ya hali hiyo? Hasha. Watu wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo zao, kwa kuwa riziki yao ilifuata upepo. Vyombo vya tanga vilikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, vikarudi na kusi. Kusi ikichachamaa, mnamo Juni na Julai, bahari huchafuka na safari hupungua. Baridi ya wakati huo waliiita kipupwe. Kisha hufuata demani, nayo ndiyo sehemu ya mwisho ya kusi, yapata mwisho wa Agosti na kuendelea, upepo unapokuwa mpole na bahari kutulia. Demani ni jina la majira yaleyale ninayoyazungumza. Upepo unaotulia Lamu na Mombasa ndio huohuo ambao wingu lake hutoboka juu ya Bahati na Jericho. Sisi wa bara twapata nusu ya pili ya habari moja, lakini tumelipoteza jina lake.

Ndiyo maana mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye tungo zake zilikusanywa na kuchapishwa kitabuni mwaka 1940, aliweza kutaja bahari na vyombo bila kuonekana anapamba. Katika mji wake hali ya bahari iliamua nani atakula na nani atakopa. Alipotaja mawimbi, msikilizaji alijua ni kitu gani kilichokuwa hatarini.

Msomaji ataweza kusema, "Lakini mwalimu, hapa Nairobi hatuna bahari. Neno demani likitajwa katika Jogoo Road, nani atalielewa?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba maneno husafiri. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa na manispaa katika miaka ya 1940, una jina ambalo ni pia la mji katika Kaunti ya Kilifi, na hakuna mtu wa Nairobi anayelihisi kuwa geni. Walakini sisemi kwamba tulipachike neno demani kila mahali ili tuonekane wajuzi. Hilo lingekuwa pambo jipya badala ya pambo kuukuu. Tulitumie pale tulipokwisha kuionyesha hali yenyewe, ili neno lifike kama jina la mtu ambaye msomaji amekwisha kumwona uso.

Tena yako maneno yaliyo karibu zaidi, yanayotumika kila uani. Litazame neno alilolitumia mwanafunzi wangu. Kuanika ni kutandaza kitu kikauke. Kuanua ni kukiondoa juani au mvuani. Na mvua ikikatika, anga likaanza kung'aa, twasema imeanuka. Angalia jinsi lugha ilivyowaza: mtu huanua nguo, na mvua nayo huanuka, kana kwamba kuna mkono uliokuwa umelianika wingu angani na sasa umelitwaa. Lugha nyingi hazina neno moja tu la kuondoa nguo kambani kwa hofu ya mvua. Kiswahili kinalo, kwa kuwa wasemaji wake walilihitaji. Msichana yule alikuwa na hazina hiyo mkononi, nami nikamwambia aandike habari za ndege.

Sasa naomba niwape kipimo, nacho ni rahisi kuliko vipimo vingi vya uhakiki. Ukikuta sentensi ya hali ya hewa katika utungo, iondoe. Kama hakuna kinachoanguka, sentensi hiyo ilikuwa pambo. Kama mtu fulani hana tena sababu ya kutoka, kurudi, kungoja, kukasirika au kucheka, basi ilikuwa nguzo. Liondoe jua lililochomoza kwa madaha katika insha ya ajali: ajali itatokea vilevile. Liondoe wingu katika insha ya kamba ya nguo: hakuna insha.

Tukitumie kipimo hicho kwa vitabu viwili vinavyojulikana sana kuhusu Nairobi na viunga vyake. Cha kwanza ni Out of Africa cha Karen Blixen, kilichotoka mwaka 1937, kinachosimulia maisha ya mwandishi katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Hewa ya nyanda za juu imejaa katika kurasa zake, na si pambo. Mvua isiponyesha kahawa hudhoofika, na shamba lote hutegemea mwinuko na anga la mahali pale. Kwa kipimo chetu kitabu hicho chafaulu. Ila tuulize pia, ni nani anayelitazama anga hilo? Ni mwenye shamba. Upeo wake ni mpana kwa sababu ardhi iliyo mbele yake ni pana, na wenyeji waliokuwa na ardhi hiyo kabla yake wanaishi humo kama maskwota. Uzuri wa maelezo hautuondolei wajibu wa kuuliza swali hilo.

Cha pili ni Kill Me Quick cha Meja Mwangi, kilichotoka mwaka 1973. Humo vijana wawili waliokwisha kusoma, Meja na Maina, wanatafuta kazi jijini wasiipate, wakaishia katika vichochoro na mapipa ya taka. Kwa vijana kama hao usiku wa nje si matembezi. Hapa pia anga lina kazi, na kazi yake ni kutesa. Kitabu hiki chatufundisha jambo ambalo mpenda matembezi asilisahau: kufurahia baridi ni furaha ya mtu mwenye pa kurudi. Mwandishi akiisifu Julai bila kumkumbuka asiye na blanketi, sifa yake ni pungufu.

Basi magharibi mwa jiji pamepata hewa na vilima, na vichochoro vya katikati vimepata taka na njaa. Kati ya vitabu hivyo viwili naiona nafasi. Iko wapi Jumamosi ya kawaida ya mtu wa kawaida wa Eastlands, ambaye si mwenye shamba wala si mwana wa kichochoro, bali ana chumba kimoja au viwili, ana kazi au duka, na ana saa tatu za jua zilizomfikia bila kutarajiwa?

Niruhusu nikupitishe huko. Tuanze Kaloleni saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Nyumba ni za chini, zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na miti mikubwa imesimama baina yake. Anga ni la kijivu. Wazee wamevaa makoti mazito ya mitumba, yaliyonunuliwa Gikomba, koti ambalo labda lilishonwa kwa ajili ya majira ya theluji ya mtu mwingine. Wameketi upande wa mashariki wa ukuta. Hakuna jua bado, lakini wanajua litakapotua kwanza, nao wamewahi nafasi.

Tuvuke Jogoo Road twende Maringo. Jua latokeza. Sasa tazama jinsi mtaa mzima unavyogeuka kama ukurasa. Magodoro yatoka milangoni. Mablanketi yatundikwa juu ya ua. Kamba zilizokuwa tupu zajaa shati, kanga na soksi. Mtoto mchanga aletwa nje, afunuliwa miguu. Mwuza mahindi, ambaye tangu asubuhi watu walikuja kwake zaidi kwa ajili ya moto kuliko mahindi, asogeza jiko lake kivulini. Mwanafunzi afunga sweta kiunoni. Dakika ishirini baadaye wingu lafunga mlango, na yote niliyoyataja yarudi ndani kwa utaratibu uleule, isipokuwa watoto, ambao hawajali. Mama mmoja aita kutoka ghorofani, "Anueni!" na nyua tatu zatii, ingawa amewaambia watoto wake tu.

Tukifika Jericho kumeanuka tena. Uwanjani vijana wacheza kandanda, na ardhi, ambayo mwezi mzima ilikuwa na unyevu wa umande, yaanza kutimua vumbi jepesi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angesema kwamba amekuja "kufurahia mandhari". Amekuja kucheza kwa sababu kumekauka. Lakini hiyo ndiyo furaha yenyewe, na kwa kuwa haijitangazi, mwandishi hana budi kuwa na subira ili aione. Baada ya wiki chache mijakaranda itaanza kutoa maua ya zambarau, nasi tutajua kwamba baridi imekwenda kweli.

Nikitaja kandanda, nakumbuka uthibitisho bora wa hoja yangu, nao haumo katika kitabu chochote. Katika mtaa wa Ziwani, kuelekea mwisho wa mwaka, huchezwa mashindano maarufu yaitwayo Koth Biro. Maneno hayo ni ya Kijaluo. Maana yake ni kwamba mvua yaja. Aliyeyapa mashindano jina hilo hakutafuta msamiati katika daftari la misemo. Alitazama juu. Katika maneno mawili mna majira, mna haraka ya kucheza kabla uwanja haujawa tope, na mna mzaha wa watu wanaojua kwamba watacheza hata tope likija. Kipimo chetu kinaridhika: ukiiondoa mvua, jina halipo. Naona aibu kidogo kwamba wachezaji waliitangulia shule katika jambo la lugha.

Yupo atakayeniambia kwamba nazungumza mambo madogo: nguo, mahindi na mipira. Nami namjibu kwamba kutoitazama hali ya hewa si jambo dogo. Katika miezi ya baridi watu hufunga madirisha, huingiza jiko la makaa chumbani, na kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, na wako waliolala hivyo wasiamke tena. Insha inayotuonyesha jiko likitolewa nje kabla ya mlango kufungwa huenda ikamfaa msomaji kuliko asubuhi mia moja zenye madaha. Anayezoea kuandika kilichopo huzoea pia kukiona.

Msichana wa kamba ya nguo alipofika Kidato cha Tatu nilimwomba aniazime daftari lake la zamani. Niliisoma ile insha mbele ya darasa zima, kisha nikaeleza alama niliyoitoa na kwa nini haikuwa ya haki. Sikumtaja jina, lakini wenzake walimjua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Mvulana mmoja akauliza kama mifuko ya kaptura ilikauka Jumapili. Darasa likacheka, naye akajibu kwamba kaka yake aliivaa hivyo hivyo, imelowa, akaenda nayo kanisani. Nikawaambia kwamba swali lile la mvulana lilikuwa sifa kubwa kuliko alama yoyote ninayoweza kuiandika, kwa maana hakuna mtu aliyepata kuniuliza lile jua lenye madaha lilitua saa ngapi.

Basi, msomaji wangu, Jumamosi ijayo usiketi na daftari mezani kwanza. Vaa sweta utoke. Simama mahali unapoweza kuiona kamba ya nguo, na uone nani anaanika, nani anasita, nani anaanua mapema na nani anabahatisha. Kaa hapo mpaka wingu ligeuke angalau mara mbili. Ukirudi ndani, andika ulichokiona kwa mpangilio ulivyokiona. Kama jua lilichomoza, sema. Kama halikuchomoza, sema vilevile, na mwalimu akikuuliza liko wapi, mwambie kwa adabu kwamba siku ile halikutoka.